Nani Humsukuma Nahodha?

  Neno la leo ni la kila mtu akaaye kando ya bahari.

Leo twataka kuzungumza juu ya upepo. Mara nyingi wahubiri wakitaja upepo huwa wanasema kwa mfano tu, wakimaanisha taabu za maisha. Leo twasema juu ya upepo wenyewe, ule unaojaza tanga na kuinua mawimbi hapa Mombasa, na juu ya watu wanaotoka baharini kutafuta riziki. Maana kila mwaka kuna watu wa pwani yetu wanaotoka wasirudi, na mara nyingi jirani hukusanyika, husema maneno ya faraja, kisha huenda zao bila kuuliza swali moja: ni nani aliyemsukuma nahodha kutoka siku ile?

Twende kwanza Biashara Street. Mtu akitoka Digo Road akaingia mtaa huu hupokewa na rangi. Leso zimetundikwa milangoni, doti kwa doti, kila moja na pindo lake, mji wake na jina lake. Kuna vikoi vya kila namna, kuna mashuka na vitambaa vya kushona. Akina mama husimama wakasoma majina ya leso, wakacheka, wakashauriana ni ipi ya kumpelekea shangazi na ipi ya kumpelekea wifi. Ni mtaa wa nguo, kila mtu ajua. Lakini ukitaka asili yake, ni mtaa uliozaliwa na upepo.

Fikirini wenyewe. Kabla ya meli za moshi, nguo zilizouzwa katika kisiwa hiki zilifika kwa tanga. Vitambaa vya Kachi na Gujarati vililetwa na majahazi yaliyoteremka na kaskazi. Kile kitambaa cheupe kigumu tunachokiita marekani kilipata jina lake katika karne ya 19, wakati merikebu za Salem, huko Massachusetts, zilipokuwa zikifanya biashara na Unguja. Hata neno leso lenyewe tulilipata kwa Wareno, watu waliokuja kwa bahari. Na sisi Wakristo wa Kianglikana hatuwezi kusahau kwamba Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Church Missionary Society, aliteremka pwani hii mwanzo wa mwaka 1844, katika majira ya kaskazi. Mfanyabiashara na mmisionari, wote wawili waliletwa na upepo mmoja. Wala hakuna hata mmoja wao aliyeuamuru uvume.

Sasa, upepo huu una desturi yake, na watu wa pwani wameijua desturi hiyo tangu zama za kale. Kaskazi hushika kuanzia kama mwezi wa Desemba hadi Machi. Ni wakati wa joto, na mara nyingi bahari huwa na upole. Kisha huja masika, na kusi huanza. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi kama Septemba au Oktoba, na nguvu zake hasa ni Juni, Julai na Agosti, wakati ule wa kipupwe ambapo hata mtu wa Mombasa hutafuta shuka ya kujifunika alfajiri. Katikati ya pepo hizi mbili kuna kipindi ambacho mabaharia hukiita maleleji, au tanga mbili. Hapo upepo hauna mwenyewe. Waweza kuwa kimya tangu asubuhi, kisha wingu jeusi likasimama upande wa bahari, baridi ikapita ghafla, na kabla ya watu kutua tanga dhoruba imekwisha kufika.

Asili ya pepo hizi ni jua na nchi kavu. Kuanzia katikati ya mwaka, bara kubwa la Asia hupata joto jingi. Hewa yake hupanda juu, na hewa ya bahari ya kusini hukimbilia kujaza nafasi ile. Ndiyo kusi yetu. Mwisho wa mwaka bara lile hupoa, na upepo hugeuka ukarudi kwetu. Ndiyo kaskazi. Kwa hiyo upepo unaotikisa leso mlangoni mwa duka la Biashara Street ni sehemu ya pumzi kubwa inayotoka bara moja hadi jingine. Hakuna duka wala serikali yenye mkono mrefu wa kuuzuia.

Historia yetu ina ushahidi mzuri wa jambo hili. Vasco da Gama, yule Mreno, alitia nanga nje ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498. Hakupatana na wenyeji, akaenda Malindi. Huko akapewa rubani aliyeijua bahari, naye akatweka tanga tarehe 24 Aprili, kusi ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Tarehe 20 Mei alikuwa ametia nanga karibu na Calicut, Bara Hindi. Haukupita hata mwezi mmoja. Lakini wakati wa kurudi hakungoja. Aliondoka pwani ya Bara Hindi tarehe 5 Oktoba 1498, kabla kaskazi haijashika. Wakakutana na siku za shwari na pepo za mbisho. Walifika Malindi tarehe 7 Januari 1499, baada ya miezi mitatu, na watu wapatao 30 walikuwa wamekufa njiani kwa ugonjwa wa fizi unaoletwa na kukosa matunda na mboga. Baada ya hapo ikawabidi kuichoma moto merikebu moja, São Rafael, kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha kuziendesha zote.

Angalieni basi. Bahari ni ile ile, merikebu ni zile zile, mkubwa wao ni yule yule. Kilichokuwa tofauti ni wakati. Siku zile alizoziona ni nyingi mno za kungoja bandarini, alizilipa kwa roho za watu.

Lakini hatuna haja ya kwenda hadi Bara Hindi ili tuone kazi ya upepo. Tusimame hapa hapa Bandari ya Kale, mwendo mfupi wa miguu kutoka madukani, tutazame mlango wa Mombasa. Kisiwa chetu kimekumbatiwa na mikono miwili ya bahari. Upande mmoja ni Tudor, inayopita mbele ya Mji wa Kale. Upande wa pili ni Kilindini, ambayo jina lake latuambia kwamba pana kilindi, yaani kina kirefu. Mikono yote miwili hupata maji kwa mlango ule mmoja ulio kati ya miamba ya Leven na Andromache. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji hayo yote ni lazima yapite mlangoni, yakiingia na kutoka mara mbili kila siku.

Hapa ndipo penye siri ambayo kila nahodha wa pwani hii anaijua. Maji yakiingia na kusi ikiingia, chombo hupita kwa amani, maana upepo na maji vinakwenda pamoja. Lakini maji yakitoka wakati kusi inaingia, viwili hivyo hupigana kifua kwa kifua. Mawimbi hufupika, husimama wima, na huvunjika. Mtu aliyeko Mji wa Kale akitazama maji mbele yake aweza kuona yametulia, akasema leo ni shwari. Kumbe nje ya mwamba mambo ni mengine kabisa.

Tena kuna upepo wa kila siku. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari, na alfajiri upepo mwepesi hutoka bara kwenda baharini. Watu huuita umande. Mchana jua huichoma nchi kavu, na upepo hugeuka kutoka baharini, ukizidi nguvu alasiri. Mvuvi mwenye ngalawa hutoka na umande na kurudi na upepo wa bahari, bila kutumia hata tone la petroli. Lakini katika mwezi wa Julai upepo huo wa alasiri hujiunga na kusi. Na hapa twapenda msikilizaji ajue hesabu moja. Upepo ukizidi mwendo mara mbili, nguvu yake juu ya tanga haizidi mara mbili tu, huzidi mara nne. Kwa hiyo yule anayesema, upepo umeongezeka kidogo tu, tutavumilia, aweza kuwa amekosa hesabu, na bahari haisamehi hesabu mbaya.

Siku hizi tuna msaada mwingine juu ya elimu ya wazee wetu. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa tahadhari za upepo mkali katika pwani. Mara nyingi tahadhari hiyo husema upepo unatazamiwa kupita kiasi cha kilomita 46 kwa saa, na mawimbi kupita mita 2. Habari hizo hutangazwa redioni na kupelekwa kwa simu, na huwafikia viongozi wa wavuvi katika fuo. Wapo wanaozidharau, wakisema kwamba hapa kwetu hakuna tufani kubwa kama za Bara Hindi au Msumbiji. Ni kweli kwamba sisi tulio karibu na ikweta hatupigwi mara kwa mara. Lakini tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikavunja vyombo vya Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu bila idadi. Na juzi tu, Mei 2024, tufani iliyoitwa Hidaya ilifika kisiwa cha Mafia. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa kwa muda. Watu walilalamika kuchelewa. Lakini heri mtu anayelalamika gatini kuliko mtu asiyeweza kulalamika tena.

Basi, ndugu zetu, ikiwa wazee walijua, na sasa wataalamu wanatuambia, kwa nini watu bado wanatoka siku isiyofaa?

Tuseme ni mwezi wa Julai. Tahadhari imetangazwa jioni. Alfajiri nahodha amesimama ufuoni, ameshika tama, anatazama nje. Anaona mwamba umekuwa mweupe kwa povu. Moyoni mwake amekwisha kujua kwamba leo si siku. Kisha simu inalia. Ni tajiri wa chombo, anauliza mbona mashine haijawashwa, na deni la mashine hiyo halijaisha. Baada yake anapiga mwenye hoteli. Ana wageni wengi, anataka nguru na changu kabla ya saa sita. Nyumbani karo ya mtoto imedaiwa mara ya pili. Na kuna arusi Jumamosi, dada mtu amekwisha kuchagua leso Biashara Street, ameweka arubuni, anangoja kumaliziwa bei. Kando yake mabaharia vijana wanamtazama, na mmoja anatania kwamba mzee ameanza kuogopa maji.

Katika watu hao wote, hakuna hata mmoja aliyesema: nenda ukafe. Kila mmoja amesema neno dogo tu. Lakini maneno madogo yakikusanyika huwa mkono mkubwa, na mkono huo ndio unaosukuma chombo majini. Chombo kisiporudi, kila mmoja atasema kwamba yeye hakusema kitu, na wote pamoja watasema: ni kazi ya Mungu.

Hapa twataka kusema kwa upole, lakini kwa uwazi. Yapo mambo ambayo kwa kweli yamezidi uwezo wa mwanadamu, na msiba ukitoka huko twanyamaza, twalia na wanaolia. Lakini mtu aliyeonywa akasukumwa, tusimsingizie Mungu mkono uliokuwa wetu.

Tarehe 18 Julai 2012, mwezi ule ule wa nguvu za kusi, meli iitwayo MV Skagit iliondoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Meli ile ilijengwa mwaka 1989 kwa ajili ya kuvusha abiria huko Puget Sound, Marekani, maji yaliyozungukwa na nchi kavu. Siku ile ilikuwa katika mkondo ulio wazi, upepo ukivuma kwa nguvu, na ilikuwa imebeba watu kuliko kiasi chake. Karibu na kisiwa cha Chumbe ilipinduka. Watu zaidi ya 140 waliokolewa, na wengine wengi walipotea. Na sisi wa Mombasa tuna jeraha letu wenyewe. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko MV Mtongwe kilipinduka hapa Kilindini, karibu kabisa na ufuo, na watu zaidi ya 270 wakafa. Kivuko kilichoruhusiwa kubeba watu 300 kilikuwa na watu wapatao 400. Hao waliopanda walikuwa watu wa kawaida, wengi wakiwahi kazi. Kila mmoja aliona kwamba mtu mmoja zaidi hawezi kuzamisha chombo.

Msikilizaji, mambo haya si mageni katika Maandiko. Fungueni Matendo ya Mitume, mlango wa 27, msome wote kwa utulivu. Twaona pale mtume Paulo, mfungwa, akisafirishwa kwenda Rumi chini ya akida mmoja jina lake Yulio. Merikebu yao ilitoka Iskanderia, nayo ilikuwa na shehena ya ngano. Ilikuwa safari ya biashara. Majira mema ya kusafiri yalikuwa yamepita, na upepo ulikuwa wa mbisho. Walipofika Krete, mahali paitwapo Bandari Nzuri, Paulo aliwaonya kwamba wakiendelea watapata hasara ya shehena, ya merikebu, na ya maisha yao pia.

Nani waliokuwa katika baraza lile? Alikuwako nahodha. Alikuwako mwenye merikebu, yaani tajiri. Alikuwako akida, mwenye amri. Na walikuwako wengi waliosema kwamba bandari ile si nzuri kwa kukaa wakati wa baridi, heri wasogee mbele kidogo. Akida akawasikiliza nahodha na tajiri, akaliacha neno la Paulo. Kisha likatokea jambo ambalo kila baharia wa Mombasa atalielewa. Upepo wa kusini ukaanza kuvuma polepole. Nao wakafurahi, wakadhani wamekwisha kupata walichotaka, wakang'oa nanga. Haukupita muda mrefu, tufani kutoka upande wa nchi kavu ikawashukia. Walikokotwa siku 14 bila kuona jua wala nyota. Na ile shehena iliyowaharakisha, waliitupa baharini kwa mikono yao wenyewe.

Tulitafakari hilo, ndugu. Ngano ndiyo iliyowafanya waone bandari ni mbaya. Ngano hiyo hiyo waliitupa walipotaka kupona. Na sisi je? Deni la mashine, samaki wa hotelini, doti ya leso: saa ile chombo kinapozama, ni nani atakayevikumbuka vitu hivyo?

Lakini tusiishie hapo, maana habari ile ina neema yake. Walikuwa watu 276 katika merikebu ile, nao wote walifika nchi kavu salama, huko Melita. Wengine waliogelea, wengine walishika mbao. Merikebu ilivunjika, shehena ilipotea, watu walipona. Mungu hakuihesabu ngano. Aliwahesabu watu.

Wapo watakaotujibu kwamba Bwana Yesu aliutuliza upepo katika ziwa la Galilaya, kwa hiyo mwenye imani hana haja ya kuogopa tahadhari. Twawaheshimu kwa imani yao. Lakini wanafunzi wale hawakutoka ili kumpima Bwana kama ataweza. Na Bwana mwenyewe, alipoambiwa ajitupe kutoka juu ya hekalu ili malaika wamdake, alikataa. Imani haimjaribu Mungu. Yule aliyeujalia upepo desturi yake ametujalia na macho ya kuitazama, na masikio ya kuwasikia wanaojua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na baharini huvunjika zaidi ya guu.

Basi tufanye nini? Tuanze na wewe tajiri wa chombo. Twajua kwamba fedha zako zimo majini na usiku hulali vizuri. Lakini mwambie nahodha wako leo, kabla ya siku mbaya haijafika, kwamba siku atakayosema hatutoki, hutamwuliza mara ya pili, wala hutampa chombo mtu mwingine. Neno hilo halina gharama, nalo laweza kumwokoa mtu kuliko mashine mpya. Kisha nunua majaketi ya kuokoa maisha, yawe sawa na idadi ya watu, na yavaliwe, yasifungiwe sandukuni.

Nawe mwenye hoteli, na sisi sote tunaokula samaki, tukubali kwamba kuna siku katika mwaka ambazo bahari imefunga mlango wake. Siku hiyo tule maharagwe na kunde, tumshukuru Mungu. Nawe mwenye duka Biashara Street, wamjua mteja wako. Wajua kwamba mume wake au kaka yake ni mtu wa bahari, na kwamba wiki hii kusi imekaza. Akikuomba umngoje juma moja zaidi kumalizia bei, mngoje. Leso haiozi. Huenda kungoja kwako ndiko kutakakomweka mtu nyumbani siku ile. Na wewe abiria, ukiona chombo kimejaa, usiseme mmoja zaidi. Shuka. Kutangulia si kufika.

Nanyi vijana, acheni kumcheka nahodha anayeogopa. Manahodha wengi chombo huenda mrama, nasi twaongeza kwamba hata nahodha mmoja, akizungukwa na wachekaji, chombo chake kitakwenda mrama. Hofu ya mtu anayeijua bahari ni elimu iliyokaa moyoni miaka mingi. Mwulizeni anaona nini, mjifunze kabla hajaondoka duniani na elimu yake.

Mwisho, ndugu yetu nahodha, wewe uliye peke yako ufuoni alfajiri. Sauti zote hizi zinakujia wewe, nasi twajua uzito wake. Neno la kukataa ni zito kuliko nanga. Lakini siku utakayolisema, utakuwa umefanya kazi ya unahodha kuliko siku yo yote uliyopita katika mawimbi. Watakaokasirika asubuhi, jioni watakuwa hai pamoja nawe. Na kusi hata ikaze vipi, haikazi daima. Kesho au kesho kutwa itapungua, maji yataingia pamoja na upepo, na mlango utapitika. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Twataka urejee.

Na tuombe. Ee Mungu uliyeumba bahari na pepo zake, uwalinde wote wanaosafiri na kuvua katika maji yetu. Uwape manahodha ujasiri wa kungoja, uwape matajiri moyo wa huruma, nasi sote utuwekee mlinzi midomoni, tusije tukamsukuma mwenzetu kwenda kwenye mauti kwa neno dogo. Uwafariji wajane na yatima ambao bahari imewachukulia watu wao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

 Mkae salama, na walioko baharini warudi salama.